Kiini Kilichokataa Kuganda

Maji yalipoanza kutokota, Alistidia alitandika kipande cha jani kavu la mgomba ndani ya sufuria ili yai lisigonge chuma, akalishusha yai taratibu kwa upawa, akafanya ishara ya msalaba na kuanza rozari. Nyumbani hapakuwa na saa, wala hakuihitaji. Mafungu mawili ya rozari yakiisha, kiini kilikuwa bado kinatiririka kama asali. Matatu, kinakuwa kama samli ya asubuhi ya baridi, laini lakini hakimwagiki. Manne, kinakuwa kama ndizi mbivu iliyopondwa. Akimaliza rozari yote na kuongeza Litania, kiini kinakauka kabisa, kinamomonyoka kama unga wa mahindi ya kukaanga, na pembeni kinavaa pete ya kijani.

Mume wake, Nathanael, alipenda la mafungu matatu.

Alistidia alilimenya, akalikata katikati kwa uzi wa mgomba, kwa sababu kisu kinaburuza kiini na uzi unapita bila kukiumiza. Akamwekea mumewe kwenye sahani ya bati. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja. Wanawake wa umri wake katika nchi ile hawakula mayai, wala kuku, wala senene, wale panzi wa msimu, waliowakusanya kwa mikono yao wenyewe. Walisema mwanamke akila yai hazai. Alistidia hakula yai hata moja tangu azaliwe, na hakuzaa.

Nathanael alijua kwamba mke wake anajua yai kwa macho tu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kumeza, alimweleza.

"Leo ni kama samli," alisema. "Samli iliyotiwa chumvi kidogo. Halafu mwishoni kuna kitu kama karanga."

"Na jana?"

"Jana ulisali haraka. Lilikuwa asali."

Nathanael alikuwa Mlutheri na Alistidia Mkatoliki. Kila Jumapili walitoka pamoja mpaka njia panda ya Kagondo, hapo wakaachana, na aliyetangulia kutoka ibadani alimsubiri mwenzake pale pale. Kwa kawaida Nathanael ndiye aliyesubiri. "Hili ni yai la Kikatoliki," alipenda kumtania mkewe. "Mlutheri akilichemsha litabaki bichi. Sala zetu ni fupi mno."

"Kula basi, uongoke," Alistidia alimjibu.

Nathanael alifariki msimu wa senene, mwaka uliofuata ule wa Azimio la Arusha. Alizikwa kwenye kibanja chake, shamba lililozunguka nyumba, kati ya migomba na mibuni, mahali ambapo mtu akikaa mlangoni pa jikoni anapaona. Majirani walilala pale siku zote za matanga. Georgina, jirani wa upande wa chini, alileta kuni bila kuombwa na akazipanga vizuri, ndogo juu na kubwa chini.

Matanga yalipokwisha na watu kurudi makwao, Alistidia aliamka, akawasha moto, akachemsha yai. Mikono yake ilifanya hivyo kabla hajakumbuka kwamba hakuna wa kulila. Alipokumbuka alikuwa katika fungu la pili, na rozari haikatizwi, kwa hiyo akaendelea hadi la tatu. Akalimenya, akapitisha uzi. Ute mweupe ulikuwa umeganda vizuri. Kiini kilikuwa kibichi, kikamwagika sahanini, cha manjano na kizito, kama vile kuku ametaga sasa hivi.

Akadhani amekosea kuhesabu shanga.

Kesho yake alisali rozari nzima. Kiini kilitoka kibichi. Siku nyingine aliongeza Litania ya Bikira Maria, halafu ya Watakatifu Wote, mpaka maji yakakauka na sufuria ikaanza kunuka moto. Ute ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu. Ndani yake kiini kilicheza huku na huku. Alimmwagia mbwa, naye akalamba.

Alimweleza Georgina walipokuwa wakimenya ndizi.

"Ya kwangu huganda," Georgina alisema. "Labda ni maji yako."

Akamletea mtungi wa maji ya kisima chake, akiubeba kichwani mwendo wote wa kilima. Kiini hakikuganda. Georgina akasema basi labda ni kuni, akaleta kuni nyingine. Kiini hakikuganda. "Basi ndivyo lilivyo," akasema, na wakaendelea kumenya ndizi. Tangu siku hiyo Georgina alipita kila jioni kumsalimu, hata kama hakuwa na la kusema.

Miezi hiyo alikuja Felicitas, bibi maendeleo, msichana wa Bakoba, mjini Bukoba, aliyesomea lishe. Alizunguka vijijini kuwafundisha akina mama kwamba yai ni chakula cha kila mtu. Jiko la Alistidia lilikuwa kubwa na halikuwa na watoto wa kukanyaga moto, kwa hiyo mafunzo yakafanyika hapo. Wanawake walikaa kwenye nyasi zilizotandikwa, wameziba midomo kwa khanga, wakicheka.

"Bibi, tukiota ndevu utatunyoa?" mmoja aliuliza.

"Nitawanyoa," alisema Felicitas. "Mimi nimekula mayai tangu utotoni. Njoo unishike kidevu."

Yai lilipokuwa motoni aliwaeleza linavyoiva. Alisema ndani ya kiini mna nyuzi ndogo sana, hazionekani kwa macho, na kila uzi umejikunja peke yake kama mtu aliyelala kwenye baridi. Joto likiingia, nyuzi zinaanza kutikisika, zinajikunjua, zinanyoosha mikono. Zinakutana. Zinashikana moja na nyingine, hii na ile, mpaka zinakuwa wavu, na maji yote yananaswa humo ndani. Ndiyo maana kiini hakimwagiki tena. Na zikishashikana haziachani, hata yai ulitie kwenye maji baridi, hata ulilaze mpaka kesho.

Alistidia aliuliza, "Na kama uzi uko mmoja?"

"Mama, hakuna kiini chenye uzi mmoja."

Felicitas akalimenya yai, akalivunja mbele ya watu wote, na kiini kikammwagikia vidoleni. Akakitazama. Akauliza kama kuna jiko jingine karibu. Wanawake wakasema liko la Georgina. Wakahamia kwa Georgina, mafunzo yakaendelea vizuri, na wawili kati yao walionja. Felicitas alirudi baadaye peke yake kumwambia Alistidia asione aibu, kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea. Akamsaidia kufagia maganda.

Mvua za masika zilipokatika, Karugendo alikuja.

Karugendo alikuwa mdogo wake Nathanael, na ukoo ulimtaja yeye kuwa musika, yaani mrithi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na sukari. Alizunguka kibanja akigusa mibuni mmoja mmoja, akasimama kaburini kwa kaka yake, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaingia ndani, akaketi kwenye kiti cha Nathanael kilichoelekea mlango.

"Mulamu," alisema, yaani shemeji, "mrithi akiingia nyumbani, hupikiwa."

Alistidia alimchemshia yai. Alisali mafungu matatu bila kuruka shanga. Karugendo akapasua, na kiini kikamwagika hadi kwenye suruali yake ya kanisani.

"Unanipa yai bichi?"

"Si bichi kwa kutaka kwangu, mulamu. Siku hizi ndivyo yanavyotoka."

Karugendo akachemsha jingine, yeye mwenyewe akiwa amesimama juu ya moto. Kibichi. Akamwita mke wake, Klaudia, kutoka nyumbani kwao, naye akachemsha la tatu kwenye jiko lile lile. Kibichi. Wakachukua mayai ya kuku wale wale, wakaenda kuyachemsha kwa Karugendo, ng'ambo ya bonde. Huko yakaganda yote.

Basi wazee wa ukoo wakakutana. Walikaa uani, na rubisi, pombe ya ndizi, ikaletwa. Mkubwa wao alikuwa Ta Protase, mzee mwenye sauti ndogo ambaye watu walinyamaza ili wamsikie. Karugendo akaeleza jambo la yai. Hakuna aliyeshangaa. Mzee mmoja alisema amewahi kusikia maziwa yaliyokataa kuwa siagi mpaka deni la mahari lilipolipwa. Mwingine akauliza kama yai linapasuka likiwa motoni. Akaambiwa halipasuki.

Alistidia alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, mahali anapoliona kaburi.

"Mama huyu hana mtoto," alisema Ta Protase. "Kijana wa kiume hana, wa kike hana. Kibanja ni cha ukoo. Hayo tunayajua na hata yeye anayajua. Lakini tumemwacha akae, kwa heshima ya marehemu. Sasa tazameni yai." Akanywa kidogo, akaufuta mdomo. "Yai haligandi kwa sababu mwanamke ameganda. Mambo mawili hayawezi kuganda nyumba moja. Yeye akiachia, kiini kitaganda."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Maneno yale yalikuwa mazuri, na yakarudiwa kijijini kwa muda mrefu.

"Mimi sikuomba kibanja," Alistidia alisema. "Naomba nikae karibu naye tu. Jikoni hapa panatosha."

Karugendo alitazama chini, na hilo Alistidia aliliona, akamshukuru moyoni kwa kutomtazama usoni.

Alikwenda kwa Ayubu, balozi wa nyumba kumi. Ayubu alimvutia kigoda na kumpa kahawa ya kutafuna kwenye kifuko cha ukili, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Ta Ayubu," alisema Alistidia, "ulitusomea mkutanoni kwamba ardhi ni ya wote, na anayeilima ndiye mwenyewe."

"Nilisoma, Ma Alistidia."

"Mimi ndiye ninayelima. Nyasi zote zilizotandikwa pale nimezikata rweya kwa mundu wangu na kuzibeba kwa kichwa changu. Nathanael alikuwa na mgongo mbovu, unajua."

"Najua. Nilikuwa nakuona ukipita." Ayubu alitafuna buni taratibu. Alikuwa mtu mpole na jambo lile lilimuuma. "Lakini lile la mkutanoni ni la taifa, mama. Hili ni la ukoo."

Akaongeza kwamba serikali haiwezi kumwacha mjane bila mahali. Kinaanzishwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Muleba, kwenye rweya juu ya ziwa. Huko kila mtu anapokelewa. Yeye mwenyewe atamwandikisha, na atamtafutia lori.

Rweya ni ile nchi ya nyasi tupu ambako udongo ni mwembamba na jiwe liko karibu. Mgomba haukai huko bila samadi na matandazo ya miaka mingi. Wanawake huenda rweya kukata nyasi na kuzipeleka kwenye vibanja, ndiyo maana kibanja kinazidi kunona na rweya inazidi kukonda. Alistidia alikuwa ameibeba rweya kichwani maisha yake yote, tita baada ya tita, akiileta nyumbani. Sasa alipelekwa yeye kwenye nyasi.

Siku ya kuondoka Klaudia alimletea kapu lililofunikwa jani la mgomba. Ndani alikuwamo kuku mwekundu, yule aliyekuwa akitaga kwa ajili ya Nathanael.

"Mume wangu hajawahesabu," alisema Klaudia kwa sauti ya chini. "Nenda naye, dada."

Wazee walikuja kumuaga, kwa sababu hakuna aliyekuwa na chuki naye. Alistidia aliwasalimu mmoja mmoja kwa magoti. Kisha akamwambia Ta Protase kwa heshima, "Waitu, nina ombi moja. Nikifa, mnirudishe. Mnizike pale pembeni yake. Nafasi ipo, nimeiacha wazi, sikupanda kitu."

Ta Protase akafikiri.

"Hilo," akasema, "tutalizungumza ukifa."

Lori likaondoka.

Karugendo akahamia kwenye nyumba ya kaka yake pamoja na Klaudia. Asubuhi ya kwanza Klaudia alichemsha yai. Lilimwagika. Asubuhi iliyofuata hali ikawa ile ile. Wakasubiri mwezi uandame, wakajaribu tena. Klaudia akamleta kasisi kunyunyizia jiko maji ya baraka, na Karugendo, aliyekuwa Mlutheri kama kaka yake, akamleta mchungaji asome zaburi. Wote wawili walipewa mayai, na wote wawili waliyanywa.

"Kumbe hakuwa yeye," Klaudia alimwambia mumewe.

"Hakuwa yeye," Karugendo alikubali.

"Basi arudi?"

Karugendo alitazama nje. Mibuni ilikuwa imeinamia chini kwa uzito, myekundu toka juu hadi chini.

"Kahawa tumeshaanza kuchuma," alisema.

Akazoea. Kila asubuhi alikata ncha ya yai lililochemshwa, akaunyonya ule umajimaji wa manjano, kisha akala ute mgumu. Alisema kiini kibichi kinaongeza nguvu. Baadaye alisema hata hapendi kilichoganda. Habari hizi Georgina alizileta rweya siku alipopata lifti ya gari la misheni kwenda kumtazama rafiki yake. Alileta pia ndizi, mkungu mzima, na akalala siku mbili, akirekebisha nyasi za paa zilizokuwa zikivuja.

Alistidia alikuwa amepewa nyumba ya udongo katika mstari wa nyumba zinazofanana. Kutoka mlangoni palionekana ziwa, na kisiwa cha Bumbire kimelala juu ya maji. Watu wa kijiji walikuwa wema. Wengi walikuwa kama yeye, wanawake waliotoka kwenye vibanja vya watu wengine, na vijana ambao baba zao waliishiwa ardhi. Walilima shamba la pamoja kwa kengele, na kengele ilikuwa kipande cha ringi ya gari kilichoning'inizwa. Jumapili Alistidia alikwenda kanisani. Akitoka alisimama mahali njia zinapogawanyika, muda kidogo, halafu akaenda zake.

Yule kuku mwekundu hakutaga kwa muda mrefu. Aliogopa upepo. Mwishowe alitaga yai moja nyuma ya mtungi.

Alistidia alikaa akilitazama. Kuuza yai moja hakufai, na hakuwapo mwanamume wa kulila. Akawasha moto. Akatafuta jani la mgomba la kutandika, hakulipata, akatandika nyasi. Akafanya ishara ya msalaba na kusali mafungu matatu, polepole, kwa maana asubuhi ile hakuna aliyekuwa na haraka naye. Akamenya. Uzi wa mgomba alikuwa nao, ulikuwa umefunga mkungu wa Georgina. Akaupitisha.

Kiini kilikuwa kimeganda. Kilisimama chenyewe katika kila nusu, cha rangi ya dhahabu nzito, laini, hakimwagiki.

Aliweka nusu moja upande wake wa sahani na nusu nyingine upande ule mwingine. Alichukua yake, akaitia mdomoni. Ilikuwa kama samli. Samli iliyotiwa chumvi kidogo. Akangoja, na mwishoni kikaja kile kitu kama karanga. Nathanael alimwambia kweli miaka yote ile, hakuongeza wala hakupunguza.

"Ni kama samli," alisema Alistidia kwa sauti. "Na karanga mwishoni."

Kuku alimtazama kwa jicho moja, akaendelea kuparua.

Alipoangalia sahani tena, nusu ya pili ilikuwa inalegea. Kiini chake kilirudi kuwa kama asali, kisha kikawa kibichi kabisa, kikatoka kwenye ute na kutiririka juu ya bati kuelekea ukingo wa upande wa Kagondo. Alistidia aliinamisha sahani kidogo kwa mkono ili kisimwagike chini. Akaishikilia hivyo mpaka kengele ya shamba ilipogongwa. Ndipo akaiosha, akachukua jembe na kutoka pamoja na wenzake.

Ndivyo anavyokula mayai mpaka sasa. Nusu yake huganda, na nusu ya pili humwagika. Felicitas alipokuja kwenye kijiji kile kufundisha, alimwonyesha. Felicitas alikaa naye akaitazama mpaka ikaisha kutiririka, kisha akasema kwamba nusu ni bora kuliko kukosa kabisa, na akamsifu kwa kula.

Kila mwaka mibuni ya Kagondo inapoiva, Klaudia humtumia kahawa ya kutafuna kwenye kifuko, na ndani yake hufunga udongo kidogo kwenye jani, bila maneno. Karugendo hajui, au anajua na hasemi. Kibanja ni chake. Ta Protase amefariki, na mzee aliyeshika nafasi yake ni mtu mpole vilevile.

Jambo la kaburi bado halijazungumzwa, maana Alistidia hajafa.